Tulimtukana Dereva Bure

Nani kati yetu, akiwa mkaaji wa mji, asiyejua uchungu wa kungoja basi? Mtu huamka kabla ya jogoo, hunawa uso kwa haraka, hufika kituoni na kukuta wenzake wamekwisha kusimama, kila mmoja akitazama upande uleule wa njia. Dakika kumi zapita, ishirini zapita, thelathini zapita. Halafu mabasi mawili yaja pamoja, na mara nyingine matatu, yakifuatana kama bata na watoto wake: la kwanza limejaa hata mlango haufungiki, la tatu lina viti vitupu. Hata neno lenyewe lina mzaha ndani yake, kwa maana katika lugha yetu gari hilo tumelipa jina la basi, na mtu aliyelingoja nusu saa hana neno lingine la kusema ila "basi!"

Twataka kueleza hapa jambo hilo latoka wapi. Sisi wenyewe tuliishi miaka mingi tukidhani ya kuwa twalijua, na kwa kutolijua tulimkosea mtu.

Yalitupata Lubumbashi, mwaka 2014, asubuhi ya siku ya kwanza ya mtihani wa Serikali. Mpwa wetu, binti wa marehemu dada yetu, alikuwa akikaa kwetu Katuba tangu utoto wake, na mwaka ule alikuwa amefika darasa la sita la sekondari. Wasomaji wenye watoto wajua mtihani huo ni kitu gani: miaka yote ya karo, ya madaftari, ya taa iliyowashwa usiku, yote yapimwa kwa siku chache. Mahali pa kufanyia mtihani palikuwa katikati ya mji. Tuliamua kumsindikiza sisi wenyewe, tukatoka saa kumi na mbili kasoro robo, baridi ya mwezi wa Juni ikituuma masikio.

Wakati ule kulikuwa na kampuni moja ya mabasi makubwa iliyopita njia yetu, nayo hatutaitaja jina. Ilisemwa ya kwamba basi lingepita kila dakika kumi. Tulingoja dakika thelathini na tano. Lilipokuja lilikuwa limejaa, lakini tulisukuma tukaingia, maana hatukuwa na hakika kama jingine lingekuja. Tangu hapo lilisimama kila kituo, na kila kituo lilisimama muda mrefu, watu wakigombana mlangoni, mkusanya nauli akitafuta chenji ya noti kubwa. Tulipokuwa karibu na soko la Kenya, basi jingine la kampuni ileile likatupita, jeupe ndani kwa utupu, likaenda zake.

"Mjomba, tutachelewa," alisema binti yetu kwa sauti ndogo.

Hapo hasira ikatushika. Tulipenya mpaka mbele, tukamwambia dereva maneno ambayo mtu wa makamo hapaswi kuyasema mbele ya watoto. Tulimwita mvivu na mlevi. Tulimwambia ya kwamba mwenzake ajua kuendesha na yeye hajui. Watu wengi walicheka, wakatutia moyo tuendelee. Yule dereva hakugeuza kichwa. Alijibu neno moja tu: "Baba, watu wa yule aliyetupita ndio hawa niliowabeba mimi. Ungetaka niwaache wapi?"

Tulilichukua jibu hilo kama ujeuri.

Tulifika dakika ishirini baada ya mlango kufungwa. Msimamizi mmoja alituhurumia, akamwingiza mtoto, naye akaketi akihema, mkono ukimtetemeka. Mwaka ule hakufaulu. Hatuwezi kuapa ya kwamba ni basi lililomwangusha, maana katika hesabu alikuwa dhaifu tangu zamani. Walakini siku ya matokeo, alipokuwa akilia nyuma ya nyumba, sisi tuliona uso wa dereva yule, tukamlaani tena moyoni.

Likizo ile tulikuwa na nafasi kidogo. Tulichukua kiti, saa na daftari kuukuu, tukakaa asubuhi tatu kando ya kituo chetu, tukiandika kila basi lililopita. Majirani walidhani tumeajiriwa na Serikali, na mmoja alituuliza kama kodi yaja. Nia yetu, tukiri, ilikuwa kukusanya ushahidi juu ya madereva. Lakini daftari ilitushtaki sisi. Asubuhi ya pili, kwa mfano, yalipita mabasi matatu katika dakika nne, kisha hakuna hata moja kwa dakika thelathini na nane. La kwanza kati ya yale matatu lilikuwa limejaa sikuzote, la mwisho tupu sikuzote, wala haikuwa kitu dereva alikuwa nani. Leo bwana fulani aliongoza limejaa, kesho yeye yule alikuja nyuma na viti vitupu. Kama uvivu ni tabia ya mtu, wawezaje kumwacha Jumanne na kumrudia Jumatano?

Tukaanza kuwaza kwa hesabu ndogo, ambayo mwanafunzi yeyote aweza kuifuata. Tuseme basi hupita kila dakika kumi, na katika kila kituo watu wawili hufika kila dakika moja. Basi lililo katika saa yake litakuta watu ishirini. Kama kila mmoja apanda na kulipa kwa sekunde tano, litasimama sekunde 100. Sasa tuseme basi hilo limechelewa dakika mbili tu njiani, kwa sababu ya mkokoteni uliovunjika, au shimo lililojaa maji. Katika kituo kinachofuata halitakuta watu ishirini tena, litakuta ishirini na wanne. Litasimama sekunde 120, yaani limepoteza sekunde ishirini nyingine. Kwa hiyo kituo cha mbele watu watakuwa wengi zaidi, nalo litachelewa zaidi. Baada ya vituo vitano, zile dakika mbili zimekwisha kupita nne, ingawa dereva hakufanya kosa lolote.

Na lile la nyuma yake? Lenyewe lakuta vituo vimekwisha kufagiliwa na mwenzake. Badala ya watu ishirini lakuta kumi na watano. Laondoka upesi, lakaribia upesi, na kadiri linavyokaribia ndivyo linavyozidi kukuta watu wachache. Mwisho lagusa mkia wa lile la mbele. Tangu hapo yataongozana mpaka mwisho wa njia, moja likiwa na mzigo wa mawili, jingine likibeba hewa.

Kumbe dereva yule alikuwa ametuambia kweli tupu, tena kwa maneno machache kuliko haya yetu.

Baadaye tulipata kujua ya kwamba wataalamu walikwisha kuliandika jambo hili zamani. Mabwana Gordon Newell na Renfrey Potts walilieleza kwa hesabu zao mwaka 1964 huko Australia: mabasi yaliyopangwa sawasawa katika njia hayana nguvu ya kubaki sawasawa. Ni kama vijiti vilivyosimamishwa wima; upepo mdogo wavitosha. Anayetaka mabasi yapishane vizuri sharti ayashike kila siku. Akiyaachia, yatakusanyika yenyewe hata kama madereva wote ni watu wema.

Kuna jambo jingine ambalo lilituliza hasira yetu juu ya wenye kampuni, walau kidogo. Wao walisema: twatoa mabasi sita kila saa. Sisi tulisema: mwasema uwongo, twangoja nusu saa. Kumbe pande zote mbili zaweza kusema kweli. Mabasi sita yakipita kila moja kwa dakika zake kumi, anayefika kituoni wakati wowote atangoja, kwa wastani, dakika tano. Mabasi yaleyale sita yakija mawiliwawili, kati ya jozi na jozi ni dakika ishirini, naye atangoja wastani wa dakika kumi. Yakija matatumatatu, dakika kumi na tano. Gari ni zilezile, mafuta ni yaleyale, mishahara ni ileile, na maskini aliye kituoni amengoja mara tatu zaidi. Tena watu wengi zaidi hufika katika ule muda mrefu kuliko muda mfupi; ndiyo maana kila mtu mjini huapa ya kwamba basi lake lilikuwa limejaa, na karibu hakuna aliyepanda lile tupu.

Mji wetu nao una sehemu yake katika shida hii. Lubumbashi ulianzishwa mwaka 1910 kwa ajili ya shaba, na hadi mwaka 1966 uliitwa Elisabethville. Walioupanga waliweka nyumba za Wazungu na kazi za ofisi upande mmoja, na mitaa ya Waafrika upande mwingine, na kati yao waliacha nafasi isiyojengwa. Mpango ule ulikwisha, lakini njia zilibaki. Mpaka leo wakaaji wa Katuba, wa Kenya, wa Ruashi, wote huelekea katikati ya mji saa ileile moja ya asubuhi, na kurudi saa ileile ya jioni. Basi lililojaa likienda, larudi tupu kuchukua wengine. Hakuna nauli ya kurudia. Na tangu Novemba mvua zikianza, mashimo ya barabara huzaa zile dakika mbili za kwanza tulizozitaja, ambazo huzaa nyingine.

Kuhusu taksi-basi ndogo, hizo zina ugonjwa wao tofauti. Dereva wake hana saa ya kuondoka. Huondoka gari likijaa. Kila siku sharti amletee mwenye gari fedha iliyokwisha kupatanwa, na kinachobaki baada ya mafuta ndicho chakula cha watoto wake. Kwa hiyo hukaa mwanzo wa njia mpaka kiti cha mwisho kijae, na mama aliyesimama katikati ya njia na mtoto mgongoni huona gari kumi zikimpita zote zimejaa. Au dereva hukata safari nusu, ili abiria yuleyule alipe mara mbili. Wenzetu wa Kinshasa wameipa desturi hiyo jina la Kifaransa, demi-terrain, na kila mtu huko alijua. Tusiwalaumu madereva hao upesi. Anayelipwa kwa kichwa cha abiria hatafuti saa, atafuta vichwa.

Je, dawa ipo? Ipo, nayo haianzi na kununua mabasi mengi, ingawa hayo pia yahitajika.

Turudie hesabu yetu. Tulisema kila abiria apoteza sekunde tano kwa kupanda na kulipa. Kama angekwisha kulipa kabla ya basi kufika, na kama sakafu ya kituo ingelingana na sakafu ya basi ili asipande ngazi, labda angetumia sekunde moja. Zile dakika mbili za kuchelewa, baada ya vituo vitano, zisingefika hata dakika mbili na nusu. Tazama ndugu msomaji ni jambo kubwa namna gani: noti ya franka inayotafutiwa chenji mlangoni yawachelewesha watu ambao hawajafika hata kituoni bado. Mji wa Curitiba katika Brazil ulianza kuyapa mabasi njia yake peke yake mwaka 1974, na mwaka 1991 ukajenga vituo vya namna ya bomba kubwa la kioo, ambamo abiria hulipa kwanza, kisha hungoja, kisha huingia basini kwa hatua moja kama aingiavyo sebuleni.

Jambo hilo tuliliona kwa macho yetu Dar es Salaam, tulipomzuru ndugu yetu mwaka 2018. Huko mabasi yaendayo haraka, ambayo wenyeji huyaita mwendokasi, yalianza kazi mwezi wa Mei 2016 katika njia itokayo Kimara mpaka Kivukoni. Yana barabara yao katikati ya barabara kubwa; abiria wakati ule walikata tikiti kituoni; sakafu ni sawa na sakafu. Tulishangaa kuona watu wengi wakiingia kwa milango kadhaa kwa muda ambao sisi Katuba tungebishana juu ya noti moja. Walakini hata huko tusiseme ni paradiso. Mabasi yaliyoanza kazi yalikuwa 140 tu, na mji ule una watu mamilioni. Asubuhi misongamano ilikuwa mikubwa. Tena njia hupita bonde la Jangwani, na mto Msimbazi ukifurika, maji hufunga barabara, na mpango mzuri husimama mpaka maji yapungue.

Lakini dawa iliyotugusa zaidi ni nyingine, kwa sababu yahitaji uvumilivu wetu sisi abiria. Ni kuyazuia mabasi. Basi lililokaribia mno lile la mbele sharti lingoje, hata kama njia ni nyeupe na dereva ana haraka. Katika London desturi hiyo ipo: sauti husikika ndani ya basi kuwaambia abiria ya kwamba gari lasimama kidogo ili kupanga nafasi kati ya mabasi. Na mwaka 2012 mabwana John Bartholdi na Donald Eisenstein walieleza ya kwamba yawezekana hata kuacha kabisa orodha ya saa: kila basi likifika mwisho wa njia hungoja kwa kipimo cha umbali wa lile linalolifuata, na polepole nafasi zote zarudi kulingana zenyewe. Walilijaribu kwa mabasi ya chuo cha Georgia Tech mjini Atlanta.

Sasa tuulizane kwa unyofu: dereva wa kwetu akisimama dakika mbili kituoni bila sababu ionekanayo, tungefanyaje? Tungepiga bati la gari kwa viganja. Tungepiga kelele, "Twende! Twende!" Tungemwita mvivu na mlevi. Wala hatuachi kulirukia basi la kwanza, tukining'inia mlangoni, hali twaliona la pili laja nyuma yake na viti vitupu. Sisi tunaoandika haya tulifanya hivyo miaka mingi. Hofu yetu ina sababu, maana aliyeachwa mara nyingi hana imani tena na la pili. Lakini kila anayening'inia pale humwongezea sekunde zake yule anayengoja kituo cha mbele. Asubuhi ile ya mtihani, kila tulipokuwa tukisukumana mlangoni, tulimchelewesha mtoto wetu wenyewe.

Mwaka uliofuata binti alirudia darasa, nasi tukalipa karo mara ya pili. Siku ya mtihani tulitoka nyumbani saa kumi na nusu, tukaenda kwa miguu, tukapita Kenya, tukapita Kamalondo, tukafika mji ungali na giza, tukakaa juu ya ukuta mdogo tukila mandazi. Alifaulu.

Yule dereva tulimtafuta baadaye. Haikuwa vigumu, maana alikuwa bado katika njia yetu. Tulimkuta mwisho wa njia jioni moja, ameketi kwenye kiti chake, mlango wazi, injini imezimwa. Tulimwamkia, tukamwambia tulikuwa watu gani, na siku gani, na maneno gani tuliyoyasema, na ya kwamba tumekuja kumwomba radhi. Alitutazama kwa muda. Kisha akacheka sana, akasema hakumbuki hata kidogo, kwa sababu maneno hayo huambiwa kila siku, na wengine huongeza na mama yake.

"Lakini huyo mtoto," akauliza, "alifaulu?"

Tulimjibu ya kwamba alifaulu mwaka wa pili. Akatikisa kichwa, akasema vema. Ndani ya basi abiria watano au sita walikwisha kuketi, na mmoja wao, kijana wa suti, alipaza sauti kuuliza twangoja nini. Dereva alitazama saa yake ya mkononi.

"Mwenzangu ametoka sasa hivi," akamwambia. "Nikimfuata, nitakwenda kuokota nini?" Akabaki ameketi.

Tukapanda, tukalipa nauli yetu kwa noti ndogo, tukakaa kiti cha nyuma yake. Yule kijana alilalamika mpaka Kamalondo.